Ladha ya Jiwe: Fikra Juu ya Mvinyo wa Chablis na Tangawizi ya Mamba

Miaka michache iliyopita rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam alinialika, pamoja na watu wengine watano, kuonja mvinyo mweupe uliotoka Chablis, kaskazini mwa Burgundy nchini Ufaransa. Mvinyo huo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, ziitwazo Chardonnay. Mwenyeji wetu aliumimina taratibu, akaizungusha bilauri, akainusa kwa muda mrefu, kisha akatamka kwa sauti ya mtu aliyethibitisha jambo: "Mnasikia? Hili ni jiwe." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliyezaliwa Mamba, katika milima ya Upare ya Kusini, ambako mtoto hujifunza kutembea juu ya mawe kabla ya kujua udongo tambarare ni kitu gani, nikajikuta nikiuliza, pengine kwa utovu wa adabu: "Jiwe gani?" Hakuna aliyenijibu.

Swali hilo sikulileta kwa mzaha. Makala haya ni jaribio la kulijibu, na pia kueleza kwa nini jibu lake lina manufaa kwa watu ambao wengi wao hawajapata kugusa mvinyo wala hawana nia ya kuugusa. Nasema hivyo nikijua kwetu ni wapi. Waadventista wa Sabato walifungua kituo chao cha kwanza katika nchi hii huko Giti, Mamba, mwaka 1903, na hadi leo nyumba nyingi za huko haziingizi kileo mlangoni. Wazee waliokunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, walikuwako na wangaliko, lakini mwanakijiji wa kawaida utamkuta na kikombe cha chai ya tangawizi. Tutaifikia tangawizi hiyo baada ya muda mfupi.

Kwanza nieleze kinywaji chenyewe. Chablis njema ina rangi hafifu ya majani makavu, yenye kukaribia kijani. Haina utamu wa sukari, kwa kuwa hamira imekwisha kuila sukari ya zabibu na kuigeuza kileo. Ukiitia kinywani, kinachotangulia ni uchachu safi, kama wa ndimu iliyokamuliwa katika maji baridi. Hufuata harufu ya tufaa bichi. Na baada ya kumeza hubaki ukavu pembezoni mwa ulimi, pamoja na kitu kinachokaribia chumvi, kinachofanya mate yajae na mtu atake kuonja tena. Kitu hicho cha mwisho, pamoja na harufu inayofanana na ya kokoto zilizonyeshewa au ya gumegume lililogongwa, ndicho waonjaji wanachokiita ladha ya madini. Wanaokipenda hukilipia fedha nyingi.

Zabibu hizohizo za Chardonnay zikipandwa penye joto, na mvinyo wake ukalazwa katika mapipa mapya ya mwaloni, hutoa kinywaji kinene chenye harufu ya siagi na vanila. Siagi hiyo haikubuniwa na washairi. Wako bakteria wanaoigeuza asidi ya maliki, ambayo ndiyo asidi kali ya tufaa, kuwa asidi laini ya laktiki iliyomo katika maziwa ya mgando. Na katika kazi hiyo hutoa diasetili, kemikali ileile inayonukia katika siagi. Hapo mwonjaji anaposema "siagi", mkemia anaweza kumwonyesha siagi yake. Mwonjaji anaposema "jiwe", mkemia huanza kukuna kichwa.

Wapenzi wa Chablis hudai kwamba jiwe hilo ni la ardhi ya kwao. Mashamba yao bora yako juu ya tabaka za chokaa na udongo wa mfinyanzi za enzi ambayo wanajiolojia huiita Kimmeridge, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 150, na ndani yake yamejaa magamba madogo ya chaza wa bahari iliyokuwapo zamani. Mtu huyaona magamba hayo kwa macho yake, huonja mvinyo wenye kitu kama chumvi ya bahari, akaunganisha mambo mawili. Ni hadithi nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba haipatani na yale tunayoyajua juu ya mizizi.

Mtaalamu wa miamba Alex Maltman, wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales, ameandika mara nyingi juu ya jambo hili, na hoja yake ni rahisi kufuata. Jiwe halina harufu kwa sababu halitoi mvuke. Halina ladha kwa sababu haliyeyuki katika mate. Chumvi ya mawe ni miongoni mwa machache yanayoyeyuka. Mzabibu haunyonyi jiwe, kama mhindi usivyonyonya jembe. Unachonyonya ni chembe chache zilizoyeyuka katika maji ya udongoni, kama vile potasiamu, kalsiamu na magnesi, na sehemu kubwa ya chembe hizo hutokana na mboji na udongo wa juu. Potasiamu huweza kufikia kiasi cha gramu moja katika lita ya mvinyo. Nyingine huwa kidogo sana kiasi kwamba ulimi hauzitambui katikati ya asidi na kileo. Gamba la chaza halina njia ya kupanda shinani likafika katika bilauri.

Msomaji aliyelelewa milimani atasema: "Lakini mimi nimelamba mawe nikichunga mbuzi, na yana ladha!" Kweli, hata mimi nimelamba. Tulichoonja kilikuwa vumbi, kuvu, na mafuta ya mimea yaliyogandia juu ya jiwe. Ndivyo ilivyo hata kwa ile harufu tamu ya ardhi mvua za vuli zinapoanza. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia waliipa harufu hiyo jina la petrikori, wakaeleza kwamba hutokana na mafuta ya mimea yaliyonyonywa na mawe na udongo wakati wa kiangazi. Sehemu yake nyingine ni jeosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huitambua ikiwa katika kiasi kidogo mno. Tunaposema tumenusa ardhi, tumenusa viumbe hai walioko ndani yake.

Basi yule mwenyeji wetu alinusa nini? Mwaka 2003 Takatoshi Tominaga na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba katika baadhi ya mvinyo wa Chardonnay mna kemikali yenye salfa ambayo, hata ikiwa katika kiasi kisichofikia sehemu chache za bilioni moja za gramu katika lita, hunuka kama gumegume lililogongwa au moshi wa baruti. Kemikali hiyo haitoki katika chokaa. Uchachu nao hutokana na baridi: zabibu zikiivia penye ubaridi hubakiwa na asidi ya maliki, na zikiivia penye joto asidi hiyo huteketea katika upumuaji wa tunda lenyewe. Wakulima wa Dodoma, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka chini ya jua lisilo na huruma, wanaijua taabu ya kuulinda uchachu huo. Sababu ya tatu ni kukosekana kwa vitu. Mvinyo usio na mwaloni, usio na siagi wala matunda mengi yaliyoiva, humwachia mwonjaji nafasi tupu. Na neno "jiwe" hujaza nafasi hiyo.

Hata waonjaji wenyewe hawaafikiani. Watafiti wa Dijon waliwapa mabingwa wa Burgundy Chardonnay za kwao wenyewe wazipange kwa kadiri ya ladha ya madini, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2013 yalionyesha kwamba makubaliano yalikuwa haba. Zaidi ya hayo, mvinyo uliokuwa na "madini" puani haukuwa lazima uwe nayo kinywani. Kadhalika duara maarufu la harufu za mvinyo, lililotungwa na Ann Noble wa California mwaka 1984 ili kuwapa waonjaji maneno ya pamoja, halikuwa na neno hilo. Kumbe neno linalosikika kama la kale kuliko milima ni jipya kuliko baadhi yetu.

Wako watu wanaouchukua ushahidi wa namna hii wakahitimisha kwamba waonjaji wote ni walaghai. Mimi nakataa. Maelezo ya mtu juu ya sababu yakiwa na kasoro, haina maana kwamba hakuonja kitu. Mgonjwa anayesema kichwa kinamuuma kwa sababu ya jicho la jirani ameikosea sababu, lakini kichwa kinamuuma kweli. Wajibu wa sayansi ni kutenganisha mambo hayo mawili, na njia ya kuyatenganisha imekwisha kupatikana: kuficha. Mwaka 1976 mjini Paris, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, Steven Spurrier, aliwapa mabingwa tisa wa Kifaransa Chardonnay za Burgundy na za California bila kuwaonyesha chupa. Mvinyo mweupe ulioshika nafasi ya kwanza ulitoka California, na baadhi ya mabingwa walifadhaika sana. Mwaka 2001 ikatolewa taarifa ya jaribio la Bordeaux ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha; wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Ulimi wao haukuwa mbovu. Macho yalikuwa yamekwisha kusema kabla yake.

Huku kwetu pia ulimi hutudanganya, na mara nyingine kwa hatari. Mwenyeji wa Same hahitaji mwalimu wa kumfundisha tofauti ya maji yanayoteremka kutoka msitu wa Shengena na maji ya kisima cha tambarare yenye chumvi. Kiswahili kina maneno thabiti kwa ajili hiyo: maji matamu, maji ya chumvi, maji ya magadi. Hiyo ndiyo ladha ya madini iliyo ya kweli, na haihitaji bilauri ya kioo. Lakini floridi iliyomo katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na kandokando ya Meru haina ladha kwa kadiri inayopatikana humo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita. Mtoto anayekunywa yaliyozidi sana kikomo hicho huota meno yenye madoa ya kahawia, na yakizidi zaidi mifupa hudhurika, hali maji yenyewe ni matamu mdomoni. Basi kuna madini yasiyoonjeka yanayodhuru, na kuna "madini" yanayoonjeka yasiyokuwapo.

Sasa nirudi Mamba. Tangawizi yetu hulimwa katika miteremko, ikinyweshwa kwa mifereji na maji ya ndiva, yale mabwawa waliyoyaanzisha babu zetu. Miamba iliyo chini yake haina uhusiano wowote na Chablis: ni miamba geu, iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, wala haina hata gamba moja la chaza. Mamba Miamba pana kiwanda cha kusindika tangawizi, na jina la Mamba limeanza kujulikana masokoni. Wapo wanaoshauri tuuze kwa jina hilo, kama Wafaransa wanavyouza kwa jina la Chablis, na tuandike juu ya pakiti kwamba ukali wake umetokana na udongo wa milima yetu.

Kuhusu jina, nawaunga mkono kabisa. Sheria ya Ufaransa ililinda jina la Chablis tangu mwaka 1938, na hata hivyo kwa miaka mingi mvinyo wa bei nafuu wa California uliuzwa ukiitwa Chablis, pengine bila hata zabibu moja ya Chardonnay ndani yake. Asiyelinda jina lake atalikuta limevaliwa na mwingine. Kuhusu udongo, nasema tusubiri. Hatujui.

Hatujui kwa sababu ukali wa tangawizi una wazazi wengi. Kiini chake ni jinjeroli, ambayo huamsha vipokezi vilevile vya neva vinavyoitambua pilipili na joto la moto. Kwa hiyo ukali si ladha kwa maana halisi, ni hisia ya kuungua isiyo na moto. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, iliyo kali zaidi. Ikipikwa, sehemu nyingine hugeuka zinjeroni, iliyo pole na yenye utamu kidogo. Harufu inayofanana na limau hutoka katika mafuta mepesi ambayo hupeperuka upesi mtu akikausha kwa moto mkali. Kuna tena umri wa kuvunwa, mbegu, kivuli, maji, na siku zilizopita katika gunia. Mwenye tangawizi kali mkononi anawezaje kusema ni udongo?

Nitasimulia jambo nililoliona mwenyewe, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku moja ya soko nilisimama karibu na mama mmoja aliyeleta magunia mawili. Mnunuzi alikata kipande, akakitafuna mara mbili, akakitema na kusema: "Hii haina ukali." Kisha akataja bei. Mama yule alikuwa amelima tangawizi kwa miaka mingi kuliko umri wa mnunuzi. Aliitazama ile tangawizi, akamtazama mnunuzi, na hakuwa na la kusema, kwa sababu katika biashara ile ulimi uliokubalika ulikuwa mmoja tu. Akauza. Nilipomuuliza baadaye kama kweli haikuwa na ukali, alinijibu: "Mwanangu, mimi najuaje? Yeye ndiye mnunuzi." Jibu hilo liliniuma kuliko bei. Ni jibu la mtu aliyeaminishwa kwamba kinywa chake hakina ushahidi. Na si katika tangawizi tu: wakulima wangapi wa kahawa wa milima hii wamepata kuketi wakaionja kahawa yao wenyewe, kwa utaratibu uleule wanaoutumia waonjaji wa Moshi wanapoipanga daraja?

Ushauri wangu, basi, ni kwamba tuchukue kutoka kwa watu wa mvinyo utaratibu wao na kuwaachia hadithi yao. Pawe na chumba cha kuonjea Mamba kwenyewe, karibu na kiwanda: meza safi, vikombe vinavyofanana, maji ya moto yaliyopimwa, mizani, na dumu la kutemea. Liwepo jopo la wanakijiji, wake kwa waume, watakaofunzwa kwa miezi kadhaa. Jaribio la kwanza ni lile la vikombe vitatu: viwili vina tangawizi moja, cha tatu nyingine, na mwonjaji hutafuta kilicho tofauti. Anayebahatisha hupata mara moja katika tatu. Waonjaji 12 wakijaribu na wanane wakapatia, uwezekano wa kwamba ni bahati tupu haufiki mbili katika mia. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya ubaoni.

Swali la udongo nalo litapata njia. Ichukuliwe mbegu moja, ipandwe katika mashamba ya miteremko mbalimbali, ivunwe ikiwa na umri mmoja, ikaushwe juu ya chanja moja kwa siku zilezile, kisha ifikishwe mezani ikiwa na namba badala ya majina. Wataalamu wa chakula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakipima jinjeroli ya sampuli hizohizo, tutakuwa na pande mbili za ushahidi. Ikionekana kwamba mteremko mmoja unatoa kitu ambacho mwingine hautoi, tutaandika juu ya pakiti bila kuona haya. Isipoonekana, tutakuwa tumegundua kwamba siri iko katika ukaushaji, na hilo ni faida kubwa zaidi, kwa maana ukaushaji mtu anaweza kumfundisha jirani yake, hali mteremko hawezi kumhamishia.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni anasa na kwamba mkulima ana shida za barabara na mbolea. Barabara ni shida kweli. Aliyepanda Mamba wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Lakini vikombe 40 na dumu la kutemea havizuii barabara kutengenezwa. Wengine watasema kazi hii ni ya maabara peke yake. Mashine hupima jinjeroli. Haipimi kama chai inapendeza, na kwa kadiri nijuavyo mashine bado hainunui chai. Swali la dini halipo, kwa kuwa tangawizi haimleweshi mtu.

Lugha pia itahitaji kufanyiwa kazi. Tuna ukali, uchachu, ugwadu, uchungu, na ukakasi ule unaofanya ulimi ukaze kama umelamba ndizi mbichi. Ni akiba njema, lakini "ukali" wa tangawizi unabeba mizigo mingi mno: kuna ukali wa papo hapo unaopanda puani, kuna unaochelewa na kukaa kooni, kuna unaowasha midomo tu. Nina hakika akina mama wa Mamba wana maneno ya Chasu yanayopambanua hayo, na jopo likianza, kazi ya kwanza iwe kuyaandika kabla ya kuazima ya watu wengine. Tusije tukaishia kusema "jiwe".

Likizo iliyopita nilimjaribu shangazi yangu, ambaye hajapata kuonja kileo maishani. Nilimwandalia vikombe vitatu vya chai ya tangawizi, viwili vya shamba la karibu na mto, kimoja cha shamba la juu, vyote visivyo na sukari. Alionja, akakunja uso kwa kukosa sukari, akaonyesha kikombe sahihi. Nikabadilisha mpangilio, akapatia tena. Mara ya tatu akakosea, akacheka, akasema ulimi umechoka na kwamba nilikuwa nimeiacha chai ikapoa. Nilipima joto la maji: alikuwa amesema kweli. Ameniagiza nikirudi nimletee vikombe zaidi, na niwaite na majirani.